Mkono uliopinda: uchambuzi wa kisa cha sasipensheni ya kutumika kwenye Porsche 911 SC

Gari na shida yake

Gari ni Porsche 911 SC ya 1978. Bodi ilikuwa nzima na injini ya lita 3.0 ilikuwa na afya, ila sasipensheni ilikuwa bado ile iliyotoka nayo kiwandani. Gurudumu la nyuma kulia lilinguruma kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na mngurumo ukazidi kila gari lilipokata kona ya kushoto, yaani uzito ulipohamia kulia. Mbele kuligonga kwenye mashimo madogo. Isitoshe, kona ya mbele kushoto ilikaa chini kuliko ya kulia kwa milimita 14, na skrubu ya kurekebishia kimo upande huo ilikuwa imeshakazwa hadi mwisho.

Asiyeijua 911 ya kizazi hiki aelewe kwanza kwamba haina springi za koili. Kazi ya springi inafanywa na tosheni baa, fimbo ya chuma ngumu yenye meno ya splaini pande zote mbili, inayobeba uzito kwa kujisokota. Mbele, kila fimbo imelala ndani ya bomba la wishiboni (mkono wa chini wa sasipensheni ya mbele), kufuata urefu wa gari. Nyuma, fimbo mbili zimelala kukingama ndani ya bomba lililo mbele ya gia boksi. Kwenye ncha ya nje ya kila moja kuna bamba la springi linalorudi nyuma na kushika mkono wa alumini wenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Strati ya mbele haibebi uzito wa gari hata kidogo. Ni nyumba ya shokapu na kishikio cha gurudumu tu. Mpangilio huu ndio unaoamua kipi kikaguliwe kwa macho na kipi kikaguliwe kwa kipimo.

Kilichokuwa kinauzwa

Ilipatikana Carrera 3.2, yaani 911 iliyoifuata SC, ya modeli ya 1986 iliyokuwa ikichinjwa baada ya kugonga kwa pembe ya mbele kushoto. Modeli hiyo ina mvuto wake kwa mwenye SC, kwa sababu mwaka huo kiwanda kilinenepesha tosheni baa za nyuma hadi milimita 25 na stabilaiza, fimbo zinazopunguza kulala kwa gari kwenye kona, hadi 22 mbele na 21 nyuma. SC hii ilikuwa na fimbo za nyuma za milimita 23, na stabilaiza za 20 na 18. Mikono ya nyuma ya magari yote mawili ni ya alumini na inaingiliana.

Mmiliki alitaka kununua seti nzima na kuihamisha kama ilivyo. Fundi alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba gari lililogonga haliuzi seti. Linauza sehemu moja moja, na kila moja ijitetee. Walikubaliana kukagua kila kitu kabla ya kulipa, na kuacha chochote chenye shaka. Sehemu zote za mbele kushoto ziliondolewa kwenye orodha papo hapo, bila kupimwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na haukuhitaji mjadala: strati au wishiboni iliyopokea pigo inaweza kuonekana safi na bado iwe na ufa unaoanzia kwenye mshono wa weldi.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, fundi alipiga picha za kila kona ya Carrera hiyo. Picha hizo tutazirudia baadaye, kwa sababu zilikuwa na jibu ambalo hakuna aliyelitafuta.

Ukaguzi wa mbele

Strati ya kulia ilikuwa na umuhimu mkubwa, kwani ya SC ilikuwa imelika kwenye spindo, ekseli fupi inayobeba beringi za gurudumu. Kwanza walipima nafasi kati ya matundu mawili ya boliti za kalipa ya breki. Kwenye 911 za miaka mbalimbali nafasi hiyo huwa inchi 3 au inchi 3.5, yaani milimita 76 au 89, na strati ya nafasi moja haikubali kalipa ya nyingine. Ya gari hili ililingana na ya SC. Ukaguzi huu wa dakika moja kwa venia umewaokoa wengi kubeba strati nzuri isiyofunga breki.

Kisha walitazama spindo. Ringi ya ndani ya beringi inatakiwa iteleze kwa mkono bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Rangi ya buluu au ya kahawia kwenye chuma ni alama ya joto kali, beringi iliyokauka grisi ikazunguka juu ya spindo badala ya kuzunguka kwa roli zake. Strati yenye rangi hiyo haifai, hata ikisuguliwa msasa ikang'aa, kwa sababu ugumu wa chuma umeshapungua. Hii ilikuwa ya kijivu safi, bila mkwaruzo unaoshika ukucha.

Unyoofu wake ulipimwa kwa kuingiza shokapu ya zamani ndani ya nyumba yake na kuizungusha nyuzi 360 huku geji ya saa ikisoma ncha ya juu ya fimbo. Sindano ilicheza chini ya nusu milimita. Mahali pa chini panapobana boljointi, kiungo cha tufe kinachounganisha strati na wishiboni, palikaguliwa pia. Pengo la mbano lilikuwa sambamba juu hadi chini, dalili kwamba hakuna aliyelipanua kwa patasi ili kuchomoa boljointi iliyoganda. Strati ikapokewa, shokapu yake ikaachwa. Shokapu ya kutumika haina kipimo cha karakana kinachoweza kusema imebaki na maisha kiasi gani, kwa hiyo shokapu zote nne zilinunuliwa mpya. Hapo pia kuna mtego: nyumba ya Boge na ya Bilstein hazipokei shokapu ya ndani ya namna moja. Walisoma alama kwenye nyumba kabla ya kuagiza.

Wishiboni ya kulia ilikataliwa kwa sababu mbili. Sehemu ya chini ya bomba ilikuwa imebonyezwa na jeki, bonde la kina cha milimita 3 hivi. Bomba lililobonyea linaweza kusugua tosheni baa iliyo ndani, na mkwaruzo kwenye tosheni baa ni mwanzo wa kukatika. Pili, nyuzi za ringi inayofunga boljointi zilikuwa zimeliwa na patasi. Ringi hiyo hukazwa kwa toki ya Nm 250 kwa soketi maalumu yenye meno. Aliyekosa soketi hutumia patasi na nyundo, na anayekuja baada yake ndiye anayegundua kwamba nyuzi hazishiki tena. Wishiboni za SC zenyewe zilibaki, zikatolewa bushi za mpira zilizokwisha na kuwekewa mpya. Boljointi zilinunuliwa mpya. Hizo hazihitaji hoja.

Stabilaiza zote mbili zilichukuliwa. Ziliviringishwa juu ya meza bapa na ncha zake zikapimwa kama zinagusa usawa mmoja. Sehemu zinapopita kwenye mipira hulika na kuacha shingo. Venia ilionyesha 22 na 21 kamili bila shingo. Angalizo moja lilihusu SC yenyewe. Mabano ya stabilaiza ya nyuma yaliyochomelewa kwenye bodi ya 911 yanajulikana kwa kuchanika, na stabilaiza nene huyatesa zaidi. Kwa hiyo mabano yalipakuliwa rangi, yakakaguliwa kwa rangi ya kupenya (inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha), na kuongezewa bamba la kuimarisha kabla stabilaiza haijafungwa.

Tosheni baa za nyuma

Hapa ndipo muda mwingi ulipotumika, na kwa haki. Tosheni baa hufa kwa njia moja: kidonda kidogo kwenye uso wake, kiwe kutu au mkwaruzo, hukusanya mkazo, ufa huanzia hapo na kuzunguka fimbo, kisha siku moja kona ya gari inaanguka juu ya tairi.

Bamba la springi huwa limebanwa kwa nguvu kubwa hata gari likiwa limeinuliwa, kwa sababu tosheni baa inalisukuma chini dhidi ya kizuizi chake. Kwanza jeki iliwekwa chini ya bamba na kulipandisha hadi likaacha kizuizi, kisha boliti za kifuniko zikafunguliwa, bamba likavutwa nje kidogo na kushushwa polepole. Anayefungua boliti zote bila jeki hupigwa na bamba. Kabla ya kuchomoa fimbo, meno ya ndani na ya nje yaliwekewa alama ya rangi.

Kila fimbo ya nyuma ina upande wake. Herufi imegongwa kwenye ncha: L kwa kushoto, R kwa kulia. Kiwandani husokotwa kupita kiasi upande mmoja ili chuma kizoee mzigo wa upande huo. Ukizibadilisha, fimbo inafanya kazi kinyume na ilivyozoeshwa na maisha yake yanafupika. Herufi zilikuwepo, zikasomwa, zikapigwa picha.

Fimbo zilioshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Rangi ya kinga iliyobaki ilitolewa kwa kemikali, kamwe si kwa brashi ya waya wala mashine ya kusugua, kwa sababu ndiyo huacha mikwaruzo. Meno ya splaini yalitazamwa kwa kuyafuata na rula: yanatakiwa yaende sawa na mhimili wa fimbo. Meno yaliyopinda kama nyuzi za kamba yanaonyesha fimbo iliyozidiwa. Kisha kila fimbo iliviringishwa juu ya kioo kinene.

Ya kushoto ilipita yote. Ya kulia ilikuwa na mstari wa vishimo vya kutu, urefu wa milimita 20 hivi, karibu na mwanzo wa meno ya nje, mahali ambapo kifuniko kilichochanika huingiza maji. Vishimo vilikuwa vidogo, ila ukucha ulivishika. Muuzaji alishauri visuguliwe na kupakwa rangi. Fundi alikataa, na sababu yake ni ya fizikia: mkazo wa msokoto ni mkubwa kuliko kwingine kote kwenye ngozi ya nje ya fimbo, hapo hapo penye vishimo. Ukivisugua hadi viishe umepunguza kipenyo. Ukiviacha umeacha mwanzo wa ufa.

Swali likawa: je, ya kushoto itupwe pia kwa kuwa mwenzake amekataliwa? Wengi husema ndiyo, springi hununuliwa kwa jozi. Hapa uamuzi ulikwenda tofauti. Ugumu wa tosheni baa unategemea kipenyo, urefu na aina ya chuma; haupungui kwa umri. Kinachobadilika ni kwamba fimbo ya zamani inaweza kubaki na msokoto wa kudumu wa sehemu ya digrii, na hilo linasahihishwa kwenye meno wakati wa kupanga pembe. Ilitafutwa fimbo ya kulia ya milimita 25 kutoka gari lingine, ikakaguliwa kwa utaratibu ule ule, ikakubaliwa.

Mikono ya nyuma

Mikono miwili ya alumini ilitazamwa, ikaoshwa, ikakaguliwa nyufa kwa rangi ya kupenya kuzunguka egemeo la ndani, kwenye sikio la shokapu na kwenye mashimo ya boliti za bamba. Rangi nyekundu ilipakwa, ikaachwa dakika 15, ikafutwa, kisha unga mweupe ukapuliziwa juu. Hakuna mstari mwekundu uliojitokeza. Beringi zilizunguka kimya. Bushi za ndani zilikuwa zimechoka, jambo la kawaida, zikahesabiwa kuwa za kubadilishwa. Kwa kuwa beringi ya SC upande wa kulia ndiyo iliyokuwa ikinguruma, na kwa kuwa kuitoa beringi hiyo kwa kawaida huiharibu, ilionekana busara kuchukua mikono yote miwili ikiwa kamili.

Kilichokosekana ni kulinganisha mkono wa kushoto na wa kulia. Hakuna kipimo cha unyoofu kilichochukuliwa. Siku nzima ilitumika kutafuta kutu na nyufa, na sehemu ambayo haipati kutu ya kutisha ikapita kwa sababu ilikuwa safi.

Kufunga

Fimbo ya milimita 25 haifungwi kwa pembe ya fimbo ya 23. Ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo: 25 ukigawa kwa 23, ukapandisha kwa kipeo cha nne, unapata takribani 1.4. Fimbo mpya ni ngumu kwa asilimia 40 zaidi, kwa hiyo chini ya uzito ule ule hujisokota kidogo. Kama ya 23 ilikuwa ikijisokota digrii 30, ya 25 itajisokota digrii 21.5 hivi. Anayenakili pembe ya zamani hupata gari lenye mgongo juu, kisha analaumu fimbo.

Meno ya ndani ni 40 na ya nje ni 44. Kuruka jino moja ndani ni digrii 9. Jino moja nje ni digrii 8 na dakika 11. Ukiruka moja ndani kuelekea upande mmoja na moja nje kuelekea upande wa pili, tofauti inayobaki ni karibu dakika 50 za digrii. Hiyo ndiyo hatua ndogo kabisa ya kupanga pembe kwa meno. Kwenye SC, bamba la springi la vipande viwili huongeza urekebishaji mdogo kwa eksentriki, yaani boliti ambayo washa yake haina tundu katikati, hivyo ukiizungusha inasogeza sehemu kidogo, na ni vizuri eksentriki hiyo ianze katikati ili ibaki na nafasi ya kwenda pande zote. Pembe ilisomwa kwa kipima pembe cha dijitali kilichowekwa juu ya bamba likiwa huru, baada ya kusoma kwanza mlalo wa kizingiti cha mlango. Ukisahau kizingiti, unapima mlalo wa sakafu ya karakana, si wa gari. Meno yalipakwa grisi ya lithiamu, fimbo zikapakwa upya rangi ya kinga, na vifuniko vipya vikafungwa.

Kosa dogo lilifanyika hapa. Boliti za egemeo la ndani la mikono zilikazwa kwa toki kamili gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yakining'inia. Bushi ya mpira hushikwa katika mkao uliopo wakati wa kukaza. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa na kulisukuma juu. Kimo cha nyuma kilisomeka milimita 9 juu ya kilichokusudiwa. Boliti zililegezwa, gari likawekwa juu ya vibao chini ya magurudumu, likabonyezwa mara kadhaa, zikakazwa upya. Milimita 7 zilitoweka bila kugusa jino hata moja.

Alaimenti ilipokataa

Kwenye alaimenti, yaani upangaji wa uelekeo na mlalo wa magurudumu, mbele kulipangika bila shida. Nyuma kushoto pia: uelekeo wa gurudumu, ambao mafundi wa alaimenti huuita too, uliingia mahali pake eksentriki ikiwa karibu na katikati. Nyuma kulia kulikataa. Eksentriki ilizungushwa hadi mwisho na gurudumu bado lilikuwa linatazama nje. Kemba, yaani mlalo wa gurudumu, nayo ilihitaji eksentriki yake karibu na mwisho.

Gurudumu la nyuma linalotazama nje si jambo la kuvumilia kwenye 911, yenye injini nyuma ya ekseli. Kwenye jaribio fupi la mwendo mdogo, kila kona ya kushoto ilifanya mkia uhangaike pale uzito ulipokaa juu ya gurudumu hilo. Gari lilirudishwa karakana na halikutoka tena mpaka tatizo lilipokwisha.

Dhana zilikuwa tatu: bodi imepinda, bamba la springi limepinda, au mkono umepinda. Mmiliki aliogopa bodi. Fundi alichagua njia ya kubadilisha kitu kimoja tu. Bamba na tosheni baa viliachwa kama vilivyo, mkono wa Carrera ukatolewa, na mkono wa awali wa SC, ule wenye beringi inayonguruma, ukafungwa mahali pake. Too ikaingia eksentriki ikiwa katikati. Bodi na bamba vikawa havina hatia kwa jaribio moja la saa mbili.

Sasa mkono ulipimwa kama ulivyopaswa kupimwa mwanzoni. Paa bapa la chuma lilifungwa kwenye uso unaopokea bamba la springi, na rula ngumu ya milimita 400 ikafungwa kwenye uso wa habu. Umbali kati ya paa na rula ulipimwa ncha ya mbele na ncha ya nyuma, kwanza kwenye mkono wa kushoto, kisha kwenye wa kulia. Mikono hii miwili ni kama mtu na kioo chake, kwa hiyo tofauti kati ya ncha za mbele na nyuma inapaswa kufanana. Wa kulia ulizidiana na wa kushoto kwa milimita 5. Milimita 5 kwenye urefu wa 400 ni dakika 43 za digrii. Ili msomaji aone ukubwa wake: kwenye upana huo huo, dakika 10 ni milimita 1.2 tu, na kwenye too ya nyuma mafundi hushindana kwa dakika 5 na 10.

Kisha zikafunguliwa zile picha. Kabla Carrera haijafunguliwa, eksentriki ya too ya kushoto ilikuwa imekaa katikati na ya kulia ilikuwa mwisho kabisa. Mtu fulani alikuwa ameshaficha upindaji huo kwa alaimenti, kadiri eksentriki ilivyoruhusu. Picha nyingine ilionyesha rimu ya nyuma kulia ikiwa na muhuri wa mwaka tofauti na zile nyingine. Ajali ya mbele kushoto haikuwa ya kwanza; rimu hiyo iliwahi kupiga ukingo na kubadilishwa, na mkono ukaachwa.

Matokeo

Mkono wa awali wa SC ulitolewa tena, ukapashwa moto ndani ya oveni hadi takribani digrii 120 za selsiasi ili alumini ipanuke, na beringi mpya ikaingizwa bila kulazimishwa kwa nyundo. Mkono wa kushoto wa Carrera ulibaki kwenye gari. Too za nyuma zililingana pande mbili, eksentriki zote zikiwa na nafasi ya kutosha kwenda mbele na nyuma. Mizani nne zilipowekwa chini ya magurudumu, tofauti ya uzito kati ya kushoto na kulia mbele ilipunguzwa kwa skrubu za kimo hadi chini ya kilo 8, dereva akiwa ameketi. Mngurumo uliisha, kugonga kuliisha, na skrubu ya mbele kushoto ilirudi katikati ya safari yake baada ya bushi mpya za wishiboni na fimbo kupangwa upya kwenye meno yake.

Baada ya kilomita 800 boliti zote zilikaguliwa kwa spana ya toki. Kimo kilikuwa kimeshuka milimita 3 nyuma, kiasi cha kawaida cha mpira mpya kukaa.

Kilichofaulu na kilichoshindwa

Kukataa wazo la seti ndiko kulikookoa kazi hii. Kati ya sehemu kubwa za kulia na za nyuma zilizokaguliwa, wishiboni na tosheni baa moja zilikataliwa kwa sababu zilizoweza kuguswa kwa kidole, na hakuna aliyezijutia. Kutenganisha jozi ya tosheni baa kulikuwa uamuzi mgumu zaidi, na ulisimama kwa sababu uliegemea namna chuma kinavyofanya kazi badala ya desturi. Tahadhari hapo ni kwamba hoja hiyo ni ya chuma tu. Shokapu na bushi za mpira hubadilika kwa umri, kwa hiyo hizo hununuliwa mbili mbili.

Kilichoshindwa kina mizizi miwili, na wa pili ndio mzito.

Wa kwanza ni maelezo ya muuzaji kugeuka ramani ya ukaguzi. Aliposema gari liligonga mbele kushoto, macho yote yaliamini kwamba kwingine kote ni salama. Lakini gari la umri huu limeishi maisha marefu kabla ya ajali yake ya mwisho.

Wa pili ni aina ya ukaguzi wenyewe. Kutu hujitangaza kwa rangi, nao ufa hujitokeza ukipakwa rangi ya kupenya. Alumini iliyopinda nusu digrii haina rangi, haina sauti, na beringi yake huzunguka vizuri tu. Inaonekana kwa njia mbili: kwa kuilinganisha na ya upande wa pili, na kwa kusoma mahali eksentriki zilipokuwa kabla hazijaguswa. Ya pili haigharimu chochote, lakini ipo tu mpaka nati ya kwanza ilegezwe. Ukikuta sehemu zimeshafunguliwa na kupangwa mezani, tazama alama za washa kwenye chuma: washa iliyokaa muda mrefu huacha duara la kung'aa, na duara hilo husema eksentriki ilikuwa wapi. Duara la kushoto na la kulia yasipofanana, chukua rula.

Utaratibu wa karakana hiyo sasa huanza kwa eksentriki: kila moja hupigwa picha kwa karibu ikiwa na chaki ya kuonyesha pembe yake, kushoto na kulia kwenye fremu mbili zinazofuatana, na mihuri ya rimu husomwa kabla gari halijainuliwa. Baada ya hapo mikono hupimwa kwa paa na rula ikiwa bado na habu zake. Kazi yote hiyo ni chini ya saa moja kwa mikono miwili. Kurudia kufungua na kufunga nyuma kulia kulikula siku mbili.

Muuzaji aliuliza kama mkono uliopinda ungeweza kunyooshwa kwa presi. Alumini ya kumimina iliyokwisha kupinda haivumilii kupindwa kurudi. Ukinyooka kwa nje, nyufa ndogo hubaki ndani karibu na shimo la beringi, na gurudumu ndilo linaloning'inia hapo. Mkono huo ulikatwa kwa msumeno katikati ya shingo yake kabla ya kwenda kwenye chuma chakavu.